Ukurasa wa malipo ukikwama, usikimbilie kurifreshi

KAMPALA. Mwezi uliopita nililipia usafiri wa marobota mawili ya viatu vya mitumba kutoka soko la Owino hadi kwa dada yangu anayeuza Busia. Kampuni ya usafirishaji, ambayo sitaitaja, hupokea malipo kwenye ukurasa wake wa intaneti. Unaandika uzito na nambari ya simu, unabonyeza kitufe cha kulipa, kisha simu inakuomba nambari ya siri. Nikaiweka. Ukurasa ukabaki unazungusha kiduara chake, dakika moja, mbili, tatu. Nikafanya ambalo wengi wetu hufanya: nikarifreshi. Ukarudi mtupu, kana kwamba haujawahi kuniona.

Nikajaza upya, nikalipa upya. Robo saa baadaye jumbe mbili zikaingia simuni kwa pamoja, kila mmoja ukisema Sh86,000 zimekatwa. Kurudishiwa kilichozidi kulichukua siku 11 na safari mbili za bodaboda hadi ofisini kwao. Kwa mchuuzi wa mpakani, kiasi hicho ni mtaji wa kurudi sokoni kesho yake.

Nilitaka kujua kosa lilikuwa la nani. Nikamtembelea mwanadada mmoja huko Ntinda anayetengenezea wenye maduka kurasa za malipo. Ukurasa ulionila si wake, lakini aliponisikiliza alicheka: kasoro ileile alikuwa akiisaka wiki hiyo kwenye ukurasa wa mteja wake, tena akisaidiwa na wakala.

Wakala huyu si yule wa forodha, ingawa kazi zao zinafanana. Wa forodha unampa nyaraka naye anapita dawati hadi dawati kwa niaba yako. Huyu ni programu ya akili mnemba. Unamwagiza kwa maneno ya kawaida, naye anafungua kivinjari, anajaza fomu, anabonyeza vitufe na kusoma majibu. Kuendesha kivinjari kwa programu si jambo geni. Selenium ilianza Chicago mwaka 2004, na Microsoft ikatoa Playwright mwaka 2020. Lakini hizo hufuata hatua zilizoandikwa na mtu. Septemba 2025 watu wa Chrome walitoa toleo la majaribio la zana inayomruhusu wakala achunguze mwenyewe ukurasa uliofunguka, asome makosa yake na maombi unayotuma kwa seva, kisha aamue la kufanya. Na nilivyomwona siku hiyo, uamuzi wake wa kwanza ulikuwa kama wangu: kurifreshi.

Alijaza fomu, akabonyeza, ukurasa ukakwama. Akaurifreshi. Ukafunguka vizuri. Akaandika taarifa kwamba tatizo limekwisha.

Mwanadada akatikisa kichwa. Kivinjari huweka daftari la kila ombi lililotoka na kila jibu lililorudi. Ukirifreshi, daftari hilo huanza upya, isipokuwa umeagiza lihifadhiwe. Ni sawa na kufagia ghala lililoibiwa kabla polisi hawajaona nyayo. Siku iliyotangulia alipoteza karibu saa nzima kwa sababu nyingine ya aina hiyo: alirekebisha ukurasa, wakala akaurifreshi na kusisitiza kwamba bado mbovu, kumbe kivinjari kilikuwa kinaonyesha nakala ya zamani kilichojiwekea akiba. Ilibidi amwagize apakie kila kitu kutoka kwenye seva.

Jambo linalomhusu mfanyabiashara zaidi liko kwenye nambari. Anayejenga ukurasa juu ya mfumo wa MTN MoMo hulazimika kuambatanisha kila ombi la malipo na nambari ya kumbukumbu, mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu ambao haukusudiwi kutumika mara mbili. Ombi jingine likija na nambari ileile, mfumo hulikataa kwamba limeshakuwepo. Tena mfumo haujibu papo hapo kwamba umelipa. Hujibu tu kwamba ombi limepokelewa, na hali yake hubaki ya kusubiri mpaka wewe uweke nambari ya siri na malipo yapite au yashindikane. Ni kazi ya ukurasa kurudi kuuliza. Kile kiduara huzunguka wakati huo.

Kinga ipo, basi. Kasoro ilikuwa mahali nambari inapozaliwa. Ukurasa wa mteja wake ulikuwa unaitengeneza kila unapofunguliwa. Ukirifreshi inazaliwa nambari mpya, na kwa mfumo hayo ni malipo mapya kabisa, halali kama ya kwanza. Anayelipa ushuru URA ataelewa haraka, maana PRN huandikwa kwa ajili ya deni, haibadiliki kwa sababu umetoka kwenye foleni ukarudi.

Alihamisha kazi hiyo kwenye seva. Sasa nambari inatolewa mara moja mzigo unapoandikishwa, na ukurasa ukifunguliwa tena unauliza kwanza hali ya nambari hiyo kabla ya kuonyesha kitufe cha kulipa. Kisha akamwandikia wakala agizo jipya: lipa, soma daftari, nakili nambari, ndipo urifreshi, nambari ikibadilika, jaribio limeshindikana hata kama ukurasa unapendeza.

Haya yote hufanyika kwenye uwanja wa mazoezi wa MTN, ambako pesa si za kweli na, cha kuchekesha, huhesabiwa kwa Euro hata kama unauza mihogo Wandegeya. Nilimuuliza ingekuwaje wakala akiachiwa kwenye mfumo halisi. Jibu lake lilikuwa kwamba nambari ya siri ingewalinda wateja, lakini mtu angeweza kuamshwa usiku wa manane na maombi kumi ya malipo, na mwenye usingizi huenda akakubali mawili.

Kwa upande wako unayelipa, ukurasa ukikwama baada ya kuweka nambari ya siri, uache ulivyo. Tazama ujumbe wa simu, au piga *165# uangalie salio kama una laini ya MTN. Ujumbe ukifika, hifadhi nambari ya muamala iliyomo. Hiyo ndiyo utakayomsomea mhudumu, kwa sababu picha ya kiduara haimwambii kitu.

Nilipoondoka Ntinda wakala alikuwa amerifreshi mara ya tatu, na ukurasa ulirudi na nambari ileile, ukisema malipo yanasubiriwa. Ukurasa utakabidhiwa kwa mwenyewe Jumatatu. Dada yangu ameagiza marobota mengine matatu kabla ya Ijumaa. Nimemwambia hayo nitakwenda kuyalipia dirishani.