Rafiki Kabla ya Njia: Daftari la Safari ya Reli Kutoka Webuye Hadi Tabora

Waarabu wana msemo tuliofundishwa chuoni, tukiwa tumekaa juu ya mkeka, kabla hatujajua hata stesheni inafananaje: rafiki kabla ya njia. Maana yake ni kwamba mtu haulizi atapita wapi mpaka ajue kwanza atapita na nani. Wazee wetu wa Pwani waliokwenda bara na misafara waliujua msemo huu kwa miguu yao. Sisi wa leo, ambao tiketi tunakata kwa simu, tunadhani umepitwa na wakati. Nakuomba, msomaji wangu, unisikilize kidogo, kwani jambo hili nimelipima wiki hii kwa daftari na kalamu.

Niko Webuye, mji ambao zamani uliitwa Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia. Ni njia panda ya haja: barabara ya Kisumu na Kakamega hupanda hapa kwenda Kitale, na ile ya Eldoret hupita kwenda Bungoma na Malaba. Reli nayo ipo. Ndiyo iliyovuka hapa kuelekea Uganda na kufika Kampala mwaka 1931. Usiku nikilala nalisikia gari la mizigo likipita na kutikisa vikombe kabatini. La abiria halipiti tena.

Mwenyeji wangu ni sahibu niliyesoma naye msahafu mmoja Mombasa tukiwa watoto. Baadaye alikuja huku kufanya kazi katika kiwanda cha karatasi, na kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 akafungua duka la misumari na rangi. Mwaka huu amenitumia ujumbe mfupi: "Sheikh, dada anazeeka. Nataka kwenda Tabora, na nataka niende kwa gari la moshi. Utanisindikiza?" Nikamjibu kwamba huwezi kumsindikiza mtu kwa simu, nikapanda basi nikaja.

SHIRIKA LILILOKUWA MOJA

Yafaa nieleze kwa nini mtu wa Webuye ana dada Tabora. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na shirika lile halikumwuliza mtu kama ni Mkenya, Mtanzania au Mganda. Lilimhitaji Tabora, likampeleka Tabora. Watoto wakazaliwa huko, binti mkubwa akaolewa huko. Ukitazama ramani ya miaka ile utaona njia zilivyoshikana mikono. Kutoka Voi kulikuwa na tawi lililojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, likapita Taveta hadi Kahe karibu na Moshi. Kutoka Moshi reli ilishuka Korogwe, na tangu mwaka 1963 kulikuwa na kiungo kutoka Mnyusi hadi Ruvu kilichoiunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati. Basi njia ilikuwa moja kutoka Webuye hadi Tabora, nayo ilikuwa mali ya shirika moja.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Reli ikagawanywa, kila nchi ikachukua vichwa na mabehewa yake, na wafanyakazi wakarejea kwao. Mpaka baina ya Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka ule ule, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Sahibu yangu alikuwa na miaka 9. Dada yake alikuwa mke wa mtu, akabaki. Tangu hapo ameonana naye mara mbili tu, na mara ya mwisho ni mwaka 1998, kwenye mazishi ya mume wa dada. Simu imewasaidia, lakini kama asemavyo mwenyewe, simu haikwambii mtu anatembeaje.

HESABU YA SIKU

Usiku wa kwanza, baada ya Isha, tulitandaza ramani juu ya meza ya duka. Na hapo hapo tukakhitilafiana.

Mke wake, mama mwenye akili ya biashara, alisema jambo la kweli: mtu wa Webuye anayetaka Tabora kwa urahisi hushuka kwa basi Kisumu na Kisii, akavuka mpaka Isebania na Sirari, akaingia Mwanza, kisha Tabora. Ndiyo njia fupi na ndiyo rahisi kwa bei. Kuzunguka Nairobi, Moshi na Dar es Salaam ni kuifuata pua kwa kupitia kisogoni.

Sahibu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama watoto, basi nimelipanda maisha yangu yote. Tabora niliijua kwa reli. Kwenda nitakwenda kwa reli. Kurudi mnirudishe mtakavyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyotupa umbo la safari. Tutakwenda kwa mzunguko wa mashariki na kurudi kwa njia ya ziwa. Nayaandika hapa kama tulivyoyapanga, huenda yakamfaa mwingine.

Kutoka Webuye hadi Nairobi ni basi. Kutoka Nairobi tunachukua gari la reli ya kisasa iliyoanza kazi mwaka 2017, na ni lazima liwe la asubuhi, maana hilo ndilo linalosimama vituo vya kati. Tutashuka Voi. Hapo reli ya abiria inakatika, kwa hiyo ni matatu hadi Taveta, kuvuka mpaka Holili, na kuingia Moshi. Kutoka Moshi kuna gari la Dar es Salaam lililorejeshwa Desemba 2019 baada ya njia ile kulala miaka mingi. Kutoka Dar es Salaam kuna reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Kutoka Dodoma tunarudi kwenye reli nyembamba ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Tabora mwaka 1912, nayo itatufikisha kwa dada.

Hapa kuna siri ya kupanga safari ya reli, nayo ni kinyume na ile ya basi. Basi hukungoja wewe. Gari la moshi unalingoja wewe. Magari ya reli ya zamani hayatoki kila siku, na siku zake hubadilika. Basi usianze kuhesabu tangu siku ya kutoka nyumbani. Tafuta kwanza lile gari linalotoka mara chache katika njia yako yote, ulifunge kwenye kalenda kama kigingi, kisha uhesabu kurudi nyuma na kwenda mbele. Kwetu vigingi ni viwili, gari la Moshi na gari la Dodoma kwenda Tabora, na siku zote nyingine tumezifunga kwenye hivyo.

Jambo la pili ni mvua. Reli ya Kati sehemu za Kilosa, Kidete na Gulwe imekatwa na mafuriko mara nyingi. Mwenye nafasi ya kuchagua achague miezi ya kiangazi, baada ya masika. Sisi tumechagua Julai.

HESABU YA FEDHA

Nimeona urafiki mwingi ukifia kwenye fedha za safari. Mmoja anataka hoteli yenye kiyoyozi, mwenzake anahesabu sarafu mfukoni huku akitabasamu kwa nje. Siku ya tatu hawasemezani.

Mimi, alhamdulillahi, nina kidogo kumzidi sahibu yangu. Nilimwambia nitaongeza. Akakataa, wala hakukasirika. Akasema, "Ukinilipia, nitakuwa mzigo wako, sitakuwa mwenzio." Basi tumekubaliana kanuni moja, nami naona ndiyo kanuni bora kwa marafiki wawili: mwenye kichache ndiye anayeweka kiwango. Anachokimudu yeye ndicho kitakachotumiwa na wote. Mwenye zaidi akitaka kutoa zaidi, atoe zawadi kwa wenyeji mwishoni, asitoe njiani kila siku mpaka mwenzake aone haya.

Kiwango chake ni shilingi 30,000 za Kenya. Tumezigawa mafungu manne. La kwanza ni la kurudi, shilingi 8,000, nalo limefungwa katika bahasha ambayo haifunguliwi mpaka Tabora. La pili ni la dada, 6,000. La tatu ni la dharura, 4,000, maana mtu huugua na gari huchelewa. Zilizobaki, 12,000, ndizo za kwenda, kula na kulala. Msomaji atagundua kwamba tumeanza na mwisho wa safari. Wengi huanza na mwanzo, wakafika kwa wenyeji mikono mitupu, na nauli ya kurudi wakaazima.

Kwa 12,000 mtu hawezi kucheza. Reli ya kisasa ya Kenya ilipandisha nauli Januari 2024, na daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa likawa 1,500 badala ya 1,000. Sisi wa Voi tunalipa pungufu ya hapo kwa kuwa tunashuka njiani. Reli ya umeme ya Tanzania ilianza na shilingi 31,000 za huko kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa daraja la kawaida. Usishtuke, shilingi yetu moja siku hizi huenda karibu 20 zao, basi ni kama 1,550. Gari la Moshi hulala njiani, kwa hiyo kiti chake ni nauli na kitanda kwa pamoja, na usiku mmoja wa gesti umeokolewa. Lakini magoti ya sahibu ni mabovu, kwa hiyo kutoka Dodoma hadi Tabora nimesisitiza tuchukue behewa la kulala, hata kama itabidi tule mkate na chai siku nzima. Kubana matumizi si kujitesa. Banaa pale ambapo mwili hautadai fidia.

Kwa ajili hiyo kuna kilichokatwa. Mimi nilitaka siku mbili tukazuru Bagamoyo, mwanzo wa njia ya misafara ya wazee wetu. Siku mbili ni gesti mbili na nauli za huko na huku. Nikaifuta Bagamoyo kwa kalamu yangu. Safari ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi, ni mama mmoja wa miaka 70 na kitu aliyekaa Tabora akiuliza kila wiki, "Mnakuja lini?"

KARATASI, SALA NA CHAKULA

Vijana husikia kwamba Mwafrika Mashariki huvuka mpaka kwa kitambulisho tu. Hilo ni kweli kwa kwenda Uganda na Rwanda. Kwa Tanzania chukua pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani. Sahibu alikuwa hana pasipoti. Tumeanza nayo kabla ya yote, maana karatasi za serikali haziharakishwi na hamu ya mtu.

Kwa sala, wanazuoni wetu wa Kishafii wamezoea kuhesabu marhala mbili, kilomita themanini na kitu, na safari hii imepita hapo mara nyingi. Basi tutasali kasri na tutajumuisha, Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, na tutajitahidi kufanya hivyo stesheni, palipo na ardhi tulivu, kuliko ndani ya behewa linaloyumba. Mombasa Makka iko kaskazini. Tabora inaelekea kaskazini vilevile, imeinama kidogo mashariki. Gari likiwa linakwenda magharibi kutoka Dodoma, kibla kiko mkono wa kulia. Tabora tutakaa zaidi ya siku nne, kwa hiyo huko tutakuwa wakaazi na sala zitarudi kamili.

Chakula tutabeba cha kwetu cha siku mbili za mwanzo: chapati, mayai ya kuchemsha, tende na karanga za Bungoma. Baada ya hapo tutanunua vituoni, matunda na mahindi, na nyama tutauliza nani kachinja kabla hatujauliza bei.

Tumefundishwa pia kwamba wasafiri wamweke mmoja wao kuwa amiri. Sisi ni wawili tu, lakini tumelifuata. Nilidhani nitakuwa mimi, niliyezoea njia. Mke wake ndiye aliyeamua: "Amiri awe yule anayekwenda kwa nduguye. Mwingine akichoka atataka kurudi, huyu hatarudi." Nimeridhia. Bahasha ya kurudi nimeishika mimi, na ile ya dada ameishika yeye.

Leo asubuhi alimpigia simu dada kumwambia mwezi. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti ya kizee ikicheka upande wa pili. Hakuuliza tutapita wapi wala nauli kiasi gani. Aliuliza, "Unakuja na nani?" Sahibu akalitaja jina langu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule wa chuoni? Haya, nitatandika vitanda viwili."