Kabla ya kufungua gurupu ingine: wanaagronomia tukutane wapi?



Kila mwaka ni vile vile. Wiki moja kisha kutetea kazi ya mwisho, promosyo nzima inafungua gurupu mpya ya WhatsApp. Jina ni zuri, picha ni nzuri, ba-admini ni kumi. Mwezi wa kwanza watu wanaongea kazi. Mwezi wa tatu zimebaki salamu za asubuhi, maombi, video za mpira, na tangazo la «mine fulani inatafuta wafanyakazi, tuma pesa ya dosye». Mwenzetu mmoja alituma ile pesa. Mpaka leo anangojea kuitwa.

Mimi ni mwanaagronomia, nina lisansi, ninakaa Kambove. Sasa kuna mawazo ya kukusanya wote waliosoma agronomia kati ya Kambove, Likasi na vijiji vya bonde la Lufira, ili tuwe na mahali pamoja pa kazi kwenye intaneti. Mabishano yameanza: mmoja anasema WhatsApp, mwingine Telegram, wa tatu Facebook. Ninaona tunabishana juu ya majina ya programu wakati hatujasema tunataka zitufanyie nini. Ndiyo maana ninaandika.

Swali linaloniamsha usiku

Chukua mfano mmoja. Moniteri wa kijiji anatuma picha ya jani lenye matobo na maneno haya: «Ba-injinia, hii bidudu iko nakula muhindi yangu, nifanye namna gani?» Ni viwavijeshi vamizi, wale walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na ambao leo tunawajua sana. Jike anataga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja, na kisha siku chache tu yanaanguliwa. Kiwavi akiwa mdogo yuko juu ya jani, unaweza kumfikia. Akikua anaingia ndani ya moyo wa mhindi, kinyesi chake kinaziba mlango, na dawa haimpati tena.

Kwa hiyo jibu la Jumatatu na jibu la Ijumaa si jibu moja, hata kama maneno ni yale yale. Kama swali la yule moniteri limefunikwa na salamu themanini, shamba limekwenda. Tena mwezi wa pili mtu mwingine atauliza swali lile lile, na sisi tutaanza tena mwanzo kama vile hatujawahi kulijibu.

Gurupu ya kazi inapimwa hapo: je, swali linapata jibu kwa wakati, na je, jibu linabaki? Hesabu ya wanachama inakuja nyuma kabisa.

Mambo manne ya kupima

Kwanza: nani anaweza kuingia? Si kila mmoja ana simu kubwa na mega za kila siku. Huku mjini rezo inapatikana, lakini kuna wenzetu wa vijijini wanaopanda juu ya kichuguu ndipo ujumbe utoke.

Pili: nini kinabaki? Nikiingia leo, nitaweza kusoma yaliyojibiwa mwaka jana?

Tatu: nani anaona namba yangu na maneno yangu? Dada zetu wanajua vizuri swali hili. Anajiunga kwa ajili ya mbegu, usiku anapokea ujumbe wa mtu asiyemjua.

Ine: nani ameshika ufunguo? Admini akipoteza simu, ao kampuni ikifunga mlango, sisi tunabaki na nini?

Sasa tuweke kila programu kwenye mzani huu.

WhatsApp

Nguvu yake ni moja na ni kubwa: kila mtu iko nayo tayari. Mama mkulima asiyependa kuandika anasema kwa sauti, na wewe unamjibu kwa sauti. Gurupu moja inaweza kubeba watu 1024, inatosha kabisa kwa sisi. Mazungumzo yamefungwa kwa siri tangu 2016, hata kampuni yenyewe haiyasomi. Na tangu mwisho wa 2022 unaweza kuunganisha gurupu kadhaa chini ya jumuiya moja: moja ya mahindi, moja ya mboga, moja ya mifugo, na moja ya matangazo ambamo ba-admini tu wanaandika.

Udhaifu wake ni kumbukumbu. Anayeingia leo hakuti maswali ya mwaka jana. Simu ikianguka mu maji bila kuwa na akiba, kila kitu kimekwenda. Namba yako inaonekana na wote mlio nao kwenye gurupu moja. Tena, tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika pamoja karibu masaa sita dunia nzima, sababu ni nyumba moja yenye mwenye moja.

Telegram

Huku kumbukumbu ni nzuri. Gurupu inaweza kufika watu 200,000, faili moja inaweza kuwa na uzito wa giga 2, na anayeingia leo anaweza kurudi nyuma kusoma ya zamani. Unaweza kuficha namba yako na kutumia jina tu. Gurupu moja inaweza kugawanywa kwa vichwa, kila zao na chumba chake.

Lakini wazee wetu wengi wa kazi hawako mule. Mazungumzo ya gurupu ya kawaida hayafungwi kwa siri kama ya WhatsApp, yanakaa kwenye mashine za kampuni. Na serikali zinaweza kuifunga: Kenya iliibana Telegram wakati wa mitihani ya taifa ya sekondari mwezi Novemba 2023, juu ya watu waliokuwa wanauza mitihani mule. Mkulima hakuiba mtihani, lakini mlango ulifungwa kwake pia.

Facebook

Wakulima wa Kenya wametuonyesha kwamba gurupu ya Facebook inaweza kuwa soko na shule pamoja. Unatafuta neno «nyanya», unakuta mambo ya zamani. Shida ni mbili. Picha na video zinakula mega. Na mashine ya Facebook ndiyo inachagua nini unaona kwanza. Swali la haraka linaweza kukufikia kisha siku tatu. Uganda nayo ilifunga Facebook mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na kizuizi kile kilidumu miaka.

Jukwaa letu wenyewe?

Kuna wanaosema: tujenge letu. Ni wazo zuri, na Watanzania walilifanya: JamiiForums ilianza mwaka 2006 na ikawa kubwa sana. Lakini tuangalie bei yake. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kupelekwa mahakamani, mambo yakihusu kukataa kutoa habari za watumiaji. Mwaka 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipokuja, jukwaa lilifungwa kwa muda. Mwenye nyumba ndiye anayebeba nyumba: kodi ya mashine, ulinzi, sheria. Sisi, hata kotisasyo ya mwezi inatusumbua. Bado.

Nyumba ya bure nayo si yako. Waulize waliokuwa na vikundi vya Yahoo Groups. Kampuni ilifuta yaliyoandikwa mule mwisho wa 2019, na Desemba 2020 ikazima huduma yote. Kazi ya miaka karibu ishirini ya vikundi vingi vya dunia ilikwenda, isipokuwa ya wale waliokuwa wamejiwekea nakala.

Na intaneti ikikatika?

Sisi Wakongomani hatuhitaji kwenda Kenya kutafuta mfano. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilikaa karibu wiki tatu. Wengi wanakumbuka siasa. Mwanaagronomia anapaswa kukumbuka pia kalenda. Huku Katanga tunapanda mahindi kati ya Novemba na Desemba. Mwanzo wa Januari mahindi ni machanga, ndio wakati wa palizi, wa urea, na wa kiwavi kuingia. Wiki tatu zile ziliangukia katikati ya msimu.

Kwa hiyo gurupu yoyote tutakayochagua iwe na mlango wa nyuma: orodha ya namba kwenye karatasi, iliyogawanywa kwa vijiji, na ujumbe mfupi wa kawaida wa simu. Usidharau ujumbe mfupi. Wefarm, iliyoanzia Kenya, ilifanya wakulima waulizane na kujibizana kwa ujumbe mfupi tu, bila intaneti hata kidogo.

Mimi ninasema hivi

Tusitafute programu moja ya kufanya yote. Tutenganishe kiwanja na kabati. Kiwanja ni mahali pa kuongea, kabati ni mahali pa kuweka.

Kiwanja kiwe WhatsApp, kwa sababu watu wako mule. Kuhamisha watu ni kazi ngumu. Mtu hahami juu ya programu kuwa nzuri. Anahama akisikia kwamba kule maswali yanajibiwa. Basi tuanze pale walipo.

Kabati iwe chaneli ya Telegram. Kila Jumapili mtu mmoja, kwa zamu, anachukua maswali mawili ao matatu yaliyojibiwa vizuri, anayaandika kwa ukurasa mmoja mmoja: tatizo, picha, jibu, jina la aliyejibu, tarehe. Ukurasa mwepesi, wa kufunguka hata na mega kidogo. Na nakala moja inakaa kwenye kompyuta ya mtu, ingine kwenye fulashi ya mtu mwingine. Yahoo imetufundisha.

Kisha sheria chache, za kuandikwa siku ya kwanza:

Anayeuliza aseme zao, mbegu, tarehe ya kupanda, kijiji, na dawa ao mbolea aliyokwisha kutia. Picha mbili: juu ya jani na chini yake. «Mahindi yangu inakauka» peke yake haijibiki. Inaweza kuwa ukame, udongo wenye asidi, ao mchwa.

Kipimo cha dawa hakitolewi kwa kukumbuka. Anayejibu anaonyesha picha ya maandishi ya chupa. Hapa kosa moja linaweza kuunguza shamba ao kumdhuru mtu.

Tangazo la kazi linalodai pesa linafutwa palepale.

Ba-admini watatu, wasikae mji mmoja, na mmoja wao angalau awe mwanamke. Wabadilishwe kila mwisho wa msimu. Anayemsumbua dada wa gurupu usiku anatoka, bila mkutano.

Mwisho, tusianze na watu mia tano. Tuanze na thelathini walio tayari kujibu. Uwanja uliojaa waulizaji bila mjibu ni soko lisilo na muuzaji.

Mvua inaanza Novemba. Kama tunajaribu Septemba, tuna wiki za kutosha kuona nini kinashindikana kabla ya mbegu kuingia udongoni. Lakini kabla ya yote tuulizane, kwa sauti ao kwa karatasi: una simu gani? Unaweka mega ngapi kwa wiki? Rezo inapatikana wapi kwako? Nilipomuuliza mwenzetu mmoja wa kijijini, alinijibu: «Miye siko na mega ya kufungula video. Munitumie maandishi.» Sentensi ile imenifundisha juu ya jukwaa kuliko mabishano yetu yote.

Na weye, wapi swali lako la mwisho la kazi lilipata jibu zuri? Andika hapa chini, na useme lilichukua siku ngapi.