Marufuku pekee haitaokoa miti ya Kitui

MNAMO Januari 2018, aliyekuwa Gavana wa Kitui, Bi Charity Ngilu, alipiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti hiyo ili kunusuru miti. Hata hivyo, kwa mkulima wa Kanyangi ambaye mvua imemnyima mavuno, gunia la makaa ni karo ya mwanawe. Naye mnunuzi aliye Nairobi hana budi kupika kila jioni.

Mbona basi mnunuzi huyo hapunguzi matumizi yake? Wengi hudhani ni kutojua. Utafiti wa Susanna Berkouwer na Joshua Dean, uliohusisha takriban familia 1,000 jijini Nairobi na kuchapishwa 2022, ulibainisha vingine. Jiko lililoboreshwa, lililouzwa dola 40 za Marekani, lilipunguza gharama ya makaa kwa asilimia 39, yaani dola 119 hivi kwa mwaka. Lakini kwa wastani, familia zilikuwa tayari kulilipia dola 12 pekee.

Kuzihimiza zitafakari faida hiyo hakukubadilisha uamuzi wao. Zilipopewa mkopo wa miezi mitatu, kiasi walichokuwa tayari kulipa kiliongezeka maradufu. Kikwazo kilikuwa fedha za kulipa kwa mkupuo.

Hili ni funzo kwa watunga sera. Haba na haba hujaza kibaba: jiko linalolipiwa kidogo kidogo mjini huenda likauepushia shoka mgunga wa Kanyangi, ilmradi mkulima naye apate riziki nyingine.