Kabla ya kopo la vitamini, angalia pumba za punda

MWENYE mkokoteni akiona punda wake amedhoofu, hukimbilia duka la pembejeo kununua kopo la vitamini. Mara nyingi fedha hiyo hupotea.

Punda anayepata majani mabichi na jua hapungukiwi vitamini A wala D kirahisi (kiangazi kirefu ni jambo jingine), na nyingi za kundi B hutengenezwa tumboni mwake. Tatizo ni pumba. Kilo moja ya pumba za ngano ina fosforasi gramu 10 hivi, lakini kalsiamu gramu 1 tu. Punda, kama farasi, anahitaji kalsiamu izidi fosforasi. Ikikosekana, mwili huichota kwenye mifupa. Uso unavimba, mnyama anachechemea na mzigo unalala njiani. Ulaya ugonjwa huu ulipewa jina la wasaga nafaka, kwani farasi wao ndio walioshindia pumba.

Kinga yake haifiki bei ya kopo: gramu 30 hivi za chokaa ya malisho, si ile ya kupaka kuta, kwa kila kilo ya pumba. Ongeza jiwe la chumvi la kulamba, maana jasho hutoka na chumvi nyingi. Aliyekwisha kuvimba uso ni wa daktari wa mifugo.

Chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichotiwa madini usimpe bila kusoma lebo. Baadhi kina monensini, dawa ambayo wao huivumilia lakini huharibu moyo wa punda na kumuua. Muuzaji asipojua kilichomo, mwachie mfuko wake.