Ini halilali: nishati ya mwili usiku

Ukila chakula chako cha jioni saa moja, ukalala saa nne na kuamka alfajiri, mwili umekaa karibu saa 11 bila kutiwa chochote. Muda wote huo moyo umepiga, mapafu yamevuta hewa, figo zimechuja damu. Ubongo nao, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, umedai glukosi, yaani sukari ya damu, bila kukoma.

Watu wengi huamini kwamba usingizini matumizi ya mwili hushuka mno. Hushuka, ila kidogo kuliko tunavyodhani. Watafiti wamelipima jambo hili kwa kumlaza mtu katika chumba kilichozibwa vizuri, kisha kupima oksijeni anayotumia na hewa ya ukaa anayotoa usiku kucha. Aliyelala hutumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 15 tu kuliko anapokuwa macho akiwa amejinyoosha kimya. Mtu wa kilo 60 huunguza kilokalori 400 hivi, au zaidi kidogo, kwa usingizi wa saa 8.

Mzigo mkubwa wa kazi ya kuulisha mwili usiku unabebwa na ini. Sukari ya chakula cha jioni ikishatumika au kuhifadhiwa, kiwango cha insulini kwenye damu hushuka, na kongosho hutoa homoni nyingine iitwayo glukagoni, ambayo huliamuru ini lifungue ghala lake. Humo mna glikojeni, yaani sukari iliyofungwa pamoja kwa ajili ya akiba, wastani wa gramu 100 kwa mtu mzima aliyeshiba. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 5 za glukosi kila saa, kwa hiyo kufikia alfajiri akiba hiyo imepungua sana. Ini haliisubiri iishe. Huanza mapema kutengeneza glukosi mpya kutokana na mabaki ya protini, asidi ya laktiki na sehemu ya mafuta iitwayo gliseroli. Misuli nayo huuachia ubongo sukari, yenyewe ikaunguza mafuta.

Mafuta hayo yakishaunguzwa huenda wapi? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu wakaonyesha kwamba katika kila kilo 10 za mafuta yanayounguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya ukaa, na zinazobaki hugeuka maji. Hata hivyo, ukipanda mizani asubuhi ukakuta umepungua, usishangilie. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni maji yaliyotoka kwa pumzi, jasho na mkojo, na utayarudisha kwa vikombe vichache vya chai.

Matumizi ya nishati nayo hayaendi kwa kasi moja usiku kucha. Katika usingizi mzito, ambao huwa mwingi zaidi saa za mwanzo, ubongo hupunguza sana matumizi ya glukosi, joto la mwili linashuka, na homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi. Kisha huja usingizi wa ndoto, uliotambuliwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago mwaka 1953. Hapo macho huchezacheza chini ya kope, misuli ya mikono na miguu hulegea kabisa, na ubongo huunguza sukari karibu sawa na wa mtu aliye macho. Usingizi wa namna hii huongezeka kuelekea alfajiri.

Kuna wanaojinyima usingizi wakiamini kukesha kutawapunguza mwili. Hesabu inawakataa. Utafiti uliofanywa Colorado, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kukesha usiku mzima kitandani huongeza matumizi ya siku nzima kwa asilimia 7 hivi. Faida hiyo unaweza kuimaliza kwa maandazi mawili. Na hamu ya kuyala itakuwepo: Chuo Kikuu cha Chicago kiliripoti mwaka 2004 kwamba vijana wa kiume wenye afya, baada ya kulala saa 4 tu kwa siku mbili mfululizo, homoni yao ya shibe ilishuka kwa asilimia 18 na ya njaa ikapanda kwa asilimia 28. Walichokitamani zaidi ni vitamu, vya chumvi na vya wanga.

Kwa mwenye kisukari, kazi hii ya ini si habari ya kufurahisha tu. Karibu na alfajiri mwili huongeza kortisoli na homoni nyingine zinazolisukuma ini kutoa sukari, ndiyo maana kipimo cha asubuhi kinaweza kusoma juu ingawa mgonjwa hajala kitu usiku. Upande wa pili, anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari akiwa amelala: ataamka amelowa jasho, ana njozi za kutisha au kichwa kinamuuma. Ukiyaona haya usijipangie dozi mwenyewe. Pima sukari usiku ukiweza, ukiikuta imeshuka kunywa au kula kitu chenye sukari papo hapo, kisha andika tarehe, saa na kiwango, ukampelekee daktari au muuguzi wa kliniki yako.