Kamera Katika Mazoezi ya Ngoma: Mpigapicha Chipukizi na Fasihi Simulizi ya Mtongwe

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba uhai wa utanzu huu umo katika utendaji. Hata hivyo, mikusanyo mingi ya nyimbo humpa maneno matupu: wimbo umeandikwa ubeti kwa ubeti, ilhali bega lililotikisika na jicho la mpiga ngoma lililomwongoza mchezaji havimo. Makala haya yanaeleza jinsi mpigapicha chipukizi anavyoweza kusaidia kuziba pengo hilo kwa kupiga picha mazoezi ya ngoma za maonyesho, kwa kurejelea Mtongwe, eneo la Likoni, Mombasa.

Picha ya Kutulia na Picha ya Mwendo

Likoni si ngeni kwa kamera. Katika miaka ya 1990, wapigapicha wa kivukoni walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kupambwa, na kazi yao ilielezwa na mwanaanthropolojia Heike Behrend katika jarida la African Arts mwaka 2000. Mteja wao alijipanga, akatulia, ndipo akapigwa picha. Mazoezi ya ngoma ni kinyume cha hayo, kwa kuwa mwili hautulii na mpigapicha hana amri juu yake.

Mazoezi, hata hivyo, yana fadhila ambayo onyesho halina, nayo ni marudio. Hatua moja ya sengenya, ngoma ya Wadigo ambao ni miongoni mwa wenyeji wa Likoni, yaweza kurudiwa mara nyingi hadi mwalimu aridhike. Anayejifunza atazame kwanza kamera ikiwa imeshushwa, kisha ahesabu mapigo, ndipo apige. Anayengoja aone kilele cha mruko kabla ya kubonyeza hukuta kimekwisha kupita. Sikio ndilo humwonya kwamba kilele kinakaribia. Kwa hiyo, kuijua ngoma hutangulia kuijua kamera.

Mwanga na Kasi

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hivyo magharibi huingia upesi. Kikundi kinachofanya mazoezi uwanjani jioni, baada ya kazi na masomo, huupoteza mwanga katika muda mfupi. Mwanga ukiwapo, kasi ya sehemu 1 ya 500 ya sekunde huugandisha mruko. Kasi ya sehemu 1 ya 60 huacha ukungu kwenye miguu na leso, na ukungu huo si kasoro ukikusudiwa, maana huonyesha mwendo wenyewe. Ndani ya ukumbi hafifu, lenzi ifunguliwe zaidi na kiwango cha ISO kipandishwe hadi 1600 au 3200, hata kama picha itakuwa na chengachenga. Taa ya kamera isitumiwe, kwani humkatiza mchezaji na yaweza kumhatarisha anayeruka.

Kinachostahili Kunaswa

Onyesho humpa mtazamaji ngoma iliyokamilika, nayo mazoezi hufichua jinsi ilivyofinyangwa. Mkono wa mwalimu unaonyoosha kiwiko cha mwanafunzi, au mzee anayekatiza mdundo ili kusahihisha, ni ushahidi wa namna fasihi simulizi inavyorithishwa. Aidha, kila picha iandikiwe jina la ngoma, hatua, wimbo ulioimbwa, mahali na tarehe. Picha ya sengenya iliyoandikiwa "ngoma ya kienyeji" tu haimfai mtafiti, kwa sababu imehifadhi umbo na kupoteza maana.

Ridhaa ya Wachezaji

Suala zito zaidi ni haki ya mchezaji. Pwani kuna ngoma ambazo wanawake huzicheza faraghani, mbali na macho ya wanaume, na picha moja ikitoka nje huivunja faragha hiyo daima. Hata katika kikundi cha wazi, mchezaji wa mazoezini hajavaa maleba wala hajawa tayari kutazamwa na umma. Ruhusa ya kiongozi wa kikundi haitoshi kuwa ruhusa ya kila mchezaji. Kwa watoto, wazazi waulizwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitambua jamii kuwa wamiliki wa sanaa hizo, na ile ya mwaka 2019 inalinda data binafsi, picha ya mtu ikiwemo.

Hitimisho

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mpigapicha naye ana namna yake ya kutunza: awarudishie wachezaji nakala, asikilize wanavyozifasiri, na afute wasizoziridhia. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuwashirikisha wapigapicha wa aina hii ili matini, sauti na picha zihifadhiwe pamoja. Mwalimu wa ngoma aondokapo, maneno ya wimbo huenda yakabaki daftarini, lakini jinsi mkono wake ulivyofundisha haitajulikana isipokuwa kama kuna aliyeunasa kwa idhini yake.