Picha ya risiti si hela: kupokea malipo ya benki kwa usalama unapouza mazao mtandaoni

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumze kuhusu hela.

Vijana wengi siku hizi hamsubiri tena dalali aje shambani. Unapiga picha kabichi zako, unaweka Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, na jioni unapigiwa simu na mnunuzi wa Dar, Tanga au Arusha ambaye hujawahi kumuona. Hilo ni jambo zuri, maana unapanga bei mwenyewe na unaepuka lumbesa. Tatizo ni kwamba matapeli nao wamo kwenye makundi hayo hayo, na wanajua kitu kimoja kuhusu sisi wa mboga: mzigo ukishavunwa hausubiri.

Yupo kijana mmoja alikuja ofisini kwangu na simu mkononi. Alikuwa ameuza karoti kwa mtu aliyejitambulisha kuwa ananunulia hoteli Arusha. Jumamosi jioni, gari likiwa limeshapakiwa, akatumiwa picha ya risiti ya benki ikionyesha shilingi 1,800,000 zimeingizwa kwenye akaunti yake. Mnunuzi akamwambia, "Benki ni tofauti kaka, itasoma Jumatatu." Gari likaondoka. Jumatatu alipokwenda benki akaambiwa hakuna kilichoingia, na ile namba ya simu haipatikani. Mbaya zaidi, mbegu na mbolea alinunua kwa mkopo wa kikundi, ule wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Karoti zimekwenda, lakini marejesho yako pale pale, na wenzake kwenye kikundi wanamtazama yeye.

Ndiyo maana nataka tuelewane vizuri kuhusu mambo yafuatayo.

1. Malipo ni salio lako, si picha wala meseji

Picha ya risiti inatengenezwa kwa simu ndani ya dakika chache. Meseji nayo inaandikwa na mtu yeyote. Meseji halisi ya benki au mtandao wa simu huja na jina la taasisi, haiji kutoka namba ya kawaida ya mtu. Hata hivyo usitegemee jina peke yake, kwa sababu nalo linaweza kuigwa. Njia ya uhakika ni moja: ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie salio. Kama uko NMB piga *150*66#, kama uko CRDB piga *150*03#, au fungua programu ya benki yako. Wa M-Pesa ni *150*00#. Angalia na taarifa fupi ya miamala uone jina la aliyetuma na kiasi.

Usipige namba ya "huduma kwa wateja" uliyopewa na mnunuzi. Tumia ile iliyoandikwa kwenye kadi yako ya benki, au 100 kwa mtandao wako wa simu.

2. Jua hela inasafiri vipi

Tapeli anapenda neno "iko njiani", kwa hiyo ni vizuri ujue njia zenyewe.

Akituma kutoka benki moja kwenda akaunti ya benki hiyo hiyo, kwa kawaida inaingia pale pale. Kutoka benki kwenda benki nyingine, au benki kwenda simu, Benki Kuu ya Tanzania ina mfumo wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS, unaounganisha mabenki na mitandao ya simu. Huo nao haujali kama ni Jumapili. Kiasi kikubwa kinaweza kupita mfumo wa TISS, ambao unaweza kuchukua saa kadhaa au kusubiri siku ya kazi. Hundi ndiyo ya polepole kuliko zote. Ikiwekwa kwenye akaunti yako, salio linaweza kuonekana limeongezeka wakati hela haijakomaa, na hundi ikikataliwa salio linarudi lilipokuwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa benki si "imeonekana?" Muulize, "Naweza kuitoa sasa hivi?"

Ikiwa kweli iko njiani, hamna shida. Mzigo nao usubiri kuanza njia.

3. Jihadhari na "nimezidisha"

Umeuza mzigo wa laki sita, unapata meseji ya laki nane, halafu mnunuzi anapiga huku akiharakisha: "Dada samahani, nimezidisha, nirudishie laki mbili, dereva anadai mafuta." Ukiangalia salio unakuta hakuna kitu, au hela ipo lakini imetoka kwa mtu mwingine kabisa ambaye naye ametapeliwa. Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige benki yake au mtandao wake aombe muamala urudishwe kwa utaratibu wao. Mwenye haki atafanya hivyo.

Kuna na upande wa pili. Mtu anaweza kukulipa kweli kwa simu, akachukua mzigo, kisha akapiga huduma kwa wateja akidai alikosea namba, na hela ikazuiwa wakati madai yanaangaliwa. Kinga yako ni ushahidi: mazungumzo ya WhatsApp yanayotaja mazao, kiasi na bei, na karatasi ya mzigo iliyosainiwa na dereva ikiwa na namba ya gari.

4. Cha kumpa mnunuzi na cha kumnyima

Ili akulipe anahitaji jina la akaunti, namba ya akaunti na jina la benki. Basi. Kama una lipa namba, mpe hiyo. Namba ya siri, namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako, tarakimu za kadi ya benki, hivyo havihitajiki kwenye kupokea hela. Anayekuambia bonyeza hivi na hivi "ili malipo yaingie", au tuma kwanza ada kidogo, huyo kata simu.

Na kama mnauza kama kikundi, tumieni akaunti ya kikundi, si ya mwenyekiti.

5. Panga malipo kabla ya kushika kisu

Hapa ndipo wengi tunapopoteza nguvu. Kabichi ikiwa bado shambani, wewe ndiye mwenye kauli. Ikishakatwa, mnunuzi ndiye mwenye kauli.

Chukua mfano. Una kabichi 4,000 kwa shilingi 400, jumla 1,600,000. Kukata, kubeba mpaka barabarani na kupakia ni 250,000, na gari unalitanguliza wewe kwa 450,000. Kianzio chako kisipungue 700,000, na kiingie kabla kabichi ya kwanza haijakatwa. Mnunuzi akipotea hapo katikati, angalau gharama ya kuvuna na gari hukubeba wewe, na kabichi unaweza kutafutia soko lingine.

Salio la 900,000 liingie gari likiwa bado huku juu. Mimi huwa nawaambia vijana mpaka wetu ni Mombo. Kutoka Lushoto kushuka Mombo ni kama kilomita 33 za kona, na njiani bado unaweza kumpigia dereva asimame Soni. Likishaingia barabara kuu, la Arusha utaweza hata kuliona ukiwa Irente Viewpoint likipita kule chini Mazinde, lakini kuliona si kulishika. Panga na dereva mapema, tena mbele ya mnunuzi, kwamba haondoki mpaka umpigie wewe mwenyewe.

Mnunuzi akikataa kianzio, mpe njia nyingine: aje yeye au mtu wake, aone mzigo, alipe hapo hapo shambani, usubiri salio lisome ndipo upakie. Akikataa na hiyo, muache aende.

6. Ukishatapeliwa

Usikae kimya kwa aibu. Dakika za mwanzo ndizo zenye msaada.

- Piga benki yako au 100 mara moja, omba muamala uzuiwe kama kuna hela uliyotuma.
- Peleka ile meseji ya kitapeli kwenda 15040, namba ya TCRA, na ufuate maelekezo utakayotumiwa.
- Nenda polisi, fungua taarifa upewe RB. Wizi wa namna hii unaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.
- Usifute kitu. Meseji, picha, namba ya akaunti, namba ya gari, vyote ni ushahidi.
- Waambie wenzako kwenye kundi, maana namba hiyo hiyo kesho itampigia mwingine.

Mnunuzi wa kweli hakasiriki ukimwambia, "Subiri kidogo kaka, naangalia salio." Naye ana biashara yake na anajua hasara ni nini. Makala ijayo nitawaonyesha namna ya kuandika makubaliano ya mauzo ya ukurasa mmoja, ya kusaini kabla ya kuvuna. Wenye karoti zinazokaribia kutoka, andaeni kalamu.